Gari la zamani na mvua ya masika: Tuache ufundi wa pata potea

Masika ya mwaka jana majirani zetu hapa Liwatoni hawakuhitaji alamu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo, ndugu yangu mkubwa alikuwa chini, ndani ya Celica ya marehemu ami yetu, akipiga stata. Ruru-ruru-ruru-ruru. Kimya. Ruru-ruru-ruru. Kimya. Mama wa ghorofa ya juu anafungua dirisha. Haangalii gari, anatuangalia sisi. Ikifika saa nne jua limechomoza sawasawa, unapiga stata mara moja tu na injini inaitika kana kwamba usiku mzima ilikuwa inakungoja wewe.

Mwezi mzima tuliishi hivyo. Na katika mwezi huo tulitumia pesa ambazo hadi leo mama hajaambiwa hesabu yake kamili.

Naandika haya kwa sababu masika yamerudi, na katika makundi yetu ya wapenda magari nimeanza kuona maswali yale yale na majibu yale yale. Mtu anaandika, "Wadau, gari inasumbua kuwaka mvua ikinyesha," na kabla hajamaliza sentensi kashajibiwa na watu kumi na wawili: betri, pampu, plagi, sensa, badilisha injini, uza. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali. Msimamo wangu ni huu, na najua kuna mafundi na wenye magari ambao hawataupenda: sisi vijana tunalipia spea kwa furaha lakini hatutaki kulipia akili ya fundi, na mvua ndiyo inayotuumbua.

Kwanza nikwambie gari lenyewe. Ni Toyota Celica ya 1991, ile yenye taa za kufumbua macho, injini ya 3S-GE, lita 2, valvu 16. Ami alilinunua likiwa tayari limetumika na akalitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Alipofariki aliacha gari hilo, redio moja na madeni madogo. Redio haifanyi kazi. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa kawaida kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Celica za umri huu zilizopo ndizo hizo hizo. Ukiipeleka moja kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, haiji nyingine. Hilo tulilijua vizuri, na bado wiki ya nne ndugu yangu alikuwa amekubaliana na broka mmoja Sh70,000, alichukue siku ya Ijumaa.

Tulifikaje hapo? Kwa hatua ndogo ndogo, kila moja ikionekana ya busara.

Wiki ya kwanza fundi wa kwanza alisema betri. Tukanunua betri mpya, Sh11,500. Asubuhi tatu mfululizo gari likawaka! Tukamsifu fundi, tukamnunulia hadi mahamri. Siku ya nne mvua kubwa ikanyesha usiku, asubuhi ruru-ruru-ruru, kimya. Wiki ya pili tukaenda gereji nyingine, siitaji jina, wakasema pampu ya mafuta imechoka. Pampu ya mtumba Sh6,000, kazi Sh2,000. Tulilipeleka saa sita mchana, likawaka mbele yao bila shida, wakabadilisha pampu, likawaka tena bila shida. Wakatuonyesha: si mnaona limepona? Wiki ya tatu kijana mmoja mwenye mashine ya kompyuta alitoza Sh2,500 "kuscan". Alizunguka na ule waya chini ya dashibodi kama mtu aliyepoteza funguo, kwa sababu gari letu ni la kabla ya soketi ile ya kisasa aliyoizoea. Celica hii ina kisanduku kidogo ndani ya bonneti. Unaunganisha matundu mawili, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa kukuhesabia namba ya hitilafu. Hakulijua hilo. Hata sisi hatukulijua. Lakini hata angejua, taa ingemwambia nini? Kompyuta ya gari la 1991 haioni maji yaliyokaa juu ya plastiki.

Hapo ndipo bibi akasema, "Kwa nini hamumwiti mzee wa watu?"

Mzee wa watu ni fundi mmoja wa upande wa Ganjoni, aliyestaafu mara mbili na mara zote mbili akarudi. Jina lake silitaji, hapendi simu za ghafla. Ndugu yangu alimpigia na kumwambia atamletea gari saa nne. Mzee akakataa. Akauliza gari linagoma saa ngapi. Akaambiwa alfajiri. "Basi mimi naja alfajiri," akasema, "saa nne mwaniletea mtu mzima nimpime homa."

Alikuja baada ya sala ya alfajiri, giza bado, mvua imekatika lakini kila kitu kinadondoka. Mkononi alikuwa na tochi, kitambaa na ile chupa ndogo ya kunyunyizia maji wanayotumia vinyozi. Hicho tu. Mimi, nakiri, nilivunjika moyo. Nilitarajia angalau sanduku la spana.

"Shikamoo ami. Betri ni mpya," ndugu yangu akaanza.

"Marahaba. Sikukuuliza betri. Limelala wapi?"

"Hapa hapa."

"Limefunikwa?"

"La, ami."

"Injini mwaiosha?"

Ndugu yangu akanyamaza kidogo. "Kila Jumamosi. Carwash. Kwa presha."

Mzee hakusema kitu. Aliguna tu, na mguno ule baadaye niliuelewa.

Akamwambia apige stata. Ruru-ruru-ruru. Akainua mkono, basi. Akatuuliza tumesikia nini. Mimi nikasema, haliwaki. Akasema hilo ndilo asilolisikia mtu, akataka tuseme tulichokisikia. Tukasema stata inazunguka. Kwa nguvu au kwa uvivu? Kwa nguvu. Basi betri na stata wametoka kwenye kesi, akasema. Akaenda nyuma, akainama kwenye ekzosi, akanusa. Akatuita tunuse. Petroli mbichi, harufu kali. Basi mafuta yanafika, tena yanatoka bila kuungua. Pampu nayo imetoka kwenye kesi. Ilikuwa imepita dakika moja na nusu, na Sh19,500 zetu zilikuwa zimeshapata hukumu yake.

Injini ya petroli haina mahitaji mengi. Inataka hewa, inataka mafuta, inataka kubana, na inataka cheche kwa wakati wake. Gari linalowaka vizuri saa nne linabana vizuri, kwa hivyo tukabaki na cheche. Akatwambia tufungue bonneti, tuiache wazi kwa dakika kadhaa mvuke wa petroli upungue (hapa alikuwa mkali, akampokonya jirani yetu sigara), kisha azime tochi. Giza. Akamwambia ndugu yangu apige stata, na sisi tusiguse chochote, tutazame tu.

Wallahi sitasahau nilichokiona. Juu ya kofia ya distributa palikuwa na uzi wa buluu ukikimbia, mwembamba, ukiruka kutoka kwenye shina moja la waya hadi jingine. Na chini kidogo, waya wa plagi ya tatu ulikuwa unatema vicheche kuelekea chuma cha injini, tik-tik-tik. Moto wote tulioutafuta mwezi mzima ulikuwepo. Ulikuwa unamwagikia nje.

Sasa niruhusu niingie kidogo kwenye somo, kwa sababu hapa ndipo raha ilipo. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi 20,000 na zaidi. Umeme wa kiasi hicho hauna adabu. Unatafuta njia rahisi ya kurudi kwenye chuma, na sisi tunautaka upite njia ngumu, yaani kuruka nafasi ya plagi ndani ya silinda iliyobana hewa. Kofia ya distributa na nyaya za plagi kazi yake ni kuuzuia usichepuke. Zikiwa safi, kavu na nzima, zinaweza. Zikiwa na ufa mwembamba kama unywele, vumbi, mafuta na utando wa maji, haziwezi.

Na maji yetu si maji tu. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri, ila yakichanganyika na chumvi hadithi inabadilika. Liwatoni tunaishi mdomoni mwa Kilindini. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi inakaa kwenye vioo vya madirisha, kwenye antena, kwenye bawaba za milango, na vilevile kwenye ile kofia ya plastiki iliyo ndani ya bonneti. Mchana huioni. Usiku chuma kikipoa na unyevu ukitua, ile chumvi inalowa na kuwa njia ya umeme. Saa nne jua limekausha, njia imefungwa, gari linawaka, wewe unaelekea gereji ukiwa na gari zima. Ndiyo maana nasema gari la namna hii huugua wakati hospitali zimefungwa.

Ndiyo maana pia video nyingi za mitandaoni zinatupoteza. Jamaa wa Uingereza au Marekani anaeleza gari lake linavyosumbua kuwaka wakati wa baridi, anazungumzia barafu, oili nzito, betri iliyoganda. Mombasa hata usiku wa Julai hauna baridi ya namna hiyo. Baridi yetu haiwezi kulizuia gari kuwaka. Shida yetu ni unyevu na chumvi. Mtu wa Limuru anaweza kuwa na kesi tofauti na yangu kwa gari lile lile.

Na ile betri mpya iliyotupa asubuhi tatu za furaha? Mzee alicheka nilipomuuliza. Stata inapozunguka inakula umeme mwingi, volti za betri zinashuka hadi kama 10 au chini, na koili nayo inatoa kidogo. Betri mpya haishuki sana, kwa hivyo koili ikapata nguvu ya ziada, moto ukatosha licha ya kuvuja, mpaka usiku wa mvua kubwa. Kwa maneno mengine betri haikutibu kitu. Ilificha. Plagi zilizochakaa zinafanya kinyume: ncha zikilika, nafasi inapanuka, umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka, na ukikutana na ufa nje unachagua ufa. Zetu zilikuwa zimelika.

Alifanya jambo jingine ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alifungua kofia, akatuonyesha ndani: matone madogo kama jasho, ukungu mweupe wa kutu kwenye vyuma, na mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli, kati ya shina mbili. Ule mstari ni plastiki iliyoungua na kuwa kaboni. Ukishatokea, kukausha hakutoshi, maana kaboni yenyewe inapitisha umeme. Akauliza raba ya kuziba kati ya kofia na distributa iko wapi. Haikuwepo. Fundi fulani, mwaka fulani, aliifungua akaona ni takataka. Basi kila Jumamosi carwash yetu ilikuwa inapiga maji ya presha na sabuni mahali ambapo hapakuwa na mlango.

Akakausha kila kitu kwa kitambaa, akaegesha kofia juani? Hapana, jua halikuwa limetoka. Alituma mtoto akalete draya ya nywele ya mamake. Dakika tano. Akarudisha. Stata. Likawaka.

Hapo fundi wengine wote ninaowajua wangepokea pesa na kuondoka. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshaanza kupiga makofi. Mzee akasema bado. Akachukua ile chupa ya kinyozi, na injini ikiwa inanguruma akanyunyiza maji kidogo tu kwenye waya wa kwanza. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu, injini ikakohoa, ikayumba. Wa nne, hakuna. Kwenye kofia, ikazima kabisa. Akaikausha tena, ikawaka tena. Ndipo akasema, "Sasa najua."

Yaani aliuondoa ugonjwa, halafu akaurudisha kwa makusudi, halafu akauondoa tena. Ukiweza kuuita na kuufukuza, umeujua. Wale wawili wa kwanza waliondoa dalili bila kujua wameondoa nini. Yule wa tatu hata dalili hakuiona.

Bili ya spea ilikuwa hivi: kofia mpya, rota, nyaya nne, plagi nne na ile raba, jumla Sh9,800, na tulisubiri siku tisa zifike. Bili ya mzee? Ndugu yangu alimuuliza, akajibu kama wazee wanavyojibu: "Utakachojaliwa." Ndugu yangu akatoa Sh500.

Mia tano. Yule wa mashine iliyoshindwa hata kuzungumza na gari alichukua elfu mbili na nusu, na tulimlipa bila kubishana kwa sababu alikuwa na skrini. Mzee alikuwa na pua, masikio na chupa ya kinyozi, tukamwona hajafanya kazi. Nilimuuliza ndugu yangu usiku ule kwa nini Sh500. Akanijibu bila kufikiri, "Kwani amebadilisha nini? Ameangalia tu."

Ndiyo shida yetu hiyo, na nataka tuikubali. Fundi wa mtaani anaishi kwa kazi ya mkono na kamisheni ya dukani anapokupeleka kununua spea. Akikaa saa mbili akifikiri, akagundua ni raba ya Sh200, hiyo siku amefunga. Akikwambia pampu, amekula. Sasa wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Tunawaita wezi, ila mfumo tumeujenga sisi wateja. Tunambana fundi kwenye bei ya akili, naye anaifidia kwenye bei ya vyuma. Vijana wanaojifunza kazi kwenye gereji hizo wanaona, wanaiga. Nina rafiki aliyemaliza cheti cha ufundi wa magari, anajua kusoma mchoro wa umeme vizuri sana, na miezi sita ya kwanza kazini aliambiwa aache maswali, afungue nati.

Najua jibu litakalokuja. Utaambiwa kukisia kunaokoa muda, na mara nyingine ni kweli. Kuazima kofia nzima ya gari la rafiki na kuijaribu kwa dakika kumi ni kipimo halali kabisa, hata mzee anafanya hivyo. Tofauti ni kwamba umeazima, hukununua, na ulikuwa na sababu ya kuishuku kofia kabla hujaigusa. Kununua ukitarajia bahati ni pata potea, na sote tunajua nani huwa anashinda kwenye pata potea.

Wengine watasema gari lenyewe ndilo kosa: uza, nunua Vitz, ulale. Siwezi kubishana na hesabu ya mafuta, Celica inakunywa. Na simwambii mtu mwenye mshahara wa kwanza akimbilie gari la michezo la miaka thelathini na kitu. Lakini wanaosema gari la zamani haliwezi mvua hawajui historia ya nchi hii. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953, kwa miongo mingi yalifanywa Pasaka, masika yakianza, kwenye matope ya magoti. Mwaka 1963 magari 7 tu yalimaliza. Mwaka 1968, tena 7 tu. Joginder Singh, Mkenya waliyemwita Simba, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliposhinda 1965 yeye na nduguye Jaswant walikuwa na Volvo PV544 ya mtumba, iliyokuwa imeshateswa kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Celica zilishinda 1984, 1985 na 1986, na 1994 Mkenya mwingine, Ian Duncan, akashinda na Celica. Magari yale yalivuka mito na madimbwi. Wale watu walijua maji yanaingilia wapi, wakaziba kabla ya kwenda.

Sisi tunafanya kinyume: tunafungua bonneti na kumwambia kijana wa carwash apige presha, tupige picha, tuposti. Injini inang'aa kwa saa mbili. Kama una gari lenye distributa, tafadhali, futa injini kwa kitambaa na brashi. Ukilazimika kuosha, funga kofia na koili kwa mfuko wa plastiki kabla maji hayajafika. Na zile dawa za kupuliza za kufukuza maji zina kazi yake: WD-40 iliundwa 1953 hasa kwa ajili ya kuondoa maji kwenye chuma, hata herufi mbili za jina lake ndizo maana hiyo. Itakufikisha kazini leo. Ila haizibi ufa, na usiipulize kwenye injini ya moto ukiwa umewasha.

Kama gari lako ni la miaka ya karibuni na halina distributa, usicheke bado. Kila plagi ina koili yake, imekaa ndani ya kishimo, na raba yake ikipasuka au kishimo kikijaa maji ya carwash, cheche inavuja vilevile. Halafu kuna nyaya za ethi, zile zinazounganisha betri, bodi na injini. Chumvi ya hapa kisiwani inazila kimyakimya, na gari linaanza vituko ambavyo kila mtu anavipa jina lake. Dalili zinafanana, kipimo ni kile kile: uliza, sikiza, nusa, tazama gizani, kausha, kisha lowesha kidogo uone kama ugonjwa unarudi. Usishike waya wa plagi kwa mkono injini ikizunguka hata kama kuna binamu anayekwambia yeye hushika. Ule umeme unarusha mtu.

Ninachopendekeza si kikubwa. Ukienda gereji, kabla ya neno lolote la spea, kubalianeni bei ya uchunguzi peke yake. Elfu moja, elfu mbili, kulingana na kazi. Umlipe hata akikwambia ni raba ya mia mbili, tena hasa akikwambia hivyo. Akisema ni pampu, muulize, kwa heshima, "Umejuaje, fundi?" Anayejua atafurahi kukuonyesha. Na kama gari linagoma alfajiri, liache gerejini lilale nje, aliamkie yeye.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ganjoni na bahasha. Nilikuwa nimemchangisha ndugu yangu, tena kwa maneno ambayo hayaandikiki hapa. Mzee alihesabu, akarudisha noti moja, akasema hiyo ni nauli yangu. Halafu akaniuliza kama tumeshapata raba, akaniagiza nimletee ile kofia mbovu nisiitupe. Anayo ndoo nzima ya kofia mbovu, nyaya mbovu, rota zilizotoboka. Kijana akija kujifunza kwake, ndoo hiyo ndiyo anaanza nayo: anaambiwa achague moja, aiangalie mpaka aseme imekufaje.

Broka alikuja Ijumaa kama tulivyokubaliana, na gari la kuvuta. Alikuta ndugu yangu amewasha, amekaa ndani, milango imefungwa. Waliongea kupitia dirisha lililofunguliwa vidole viwili. Sikusikia walichosema ila nilimwona broka akipiga bonneti kofi mara moja, kama mtu anayeaga ng'ombe aliyemkosa mnadani.

Juzi mvua imenyesha usiku kucha, ile ya kugonga mabati mpaka huwezi kusikia adhana. Asubuhi saa kumi na mbili na robo, ruru mara moja, ikawaka. Mama wa juu akafungua dirisha, akatazama huku na huku, akauliza kama lile gari tumeshaliuza.